Dawa za Rozalia

Ujiji, 14 Januari 2025

Mwanangu Winfrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwakeye, mmeamkaje huko Rukinda? Leonardi wa boti ameniambia mnara wenu wa simu bado haujatengenezwa, basi nimekaa kwenye stuli hapa uani, karatasi nimeiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, nakuandikia kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa chuoni. Ukiona mwandiko mkubwa usishangae, peni hii haitoi wino vizuri.

Hapa nyumbani tu wazima. Mvua imebomoa upande mmoja wa ukuta wa jiko, lakini paa limeshika. Kule ufukweni Katonga dagaa ni wengi na jua hakuna, tunawaanika na kuwaanua kabla hawajakauka, wanunuzi wanakuja, wananusa, wanakunja pua, wanaondoka. Kaburi la baba yako nimelifyekea kabla ya Krismasi. Kaka yangu angekuona leo unaitwa mganga mfawidhi, na zahanati nzima iko mikononi mwako, nadhani angelewa wiki nzima.

Sasa lililonifanya niandike. Wewe umesomeshwa kwa dagaa hao hao, basi nieleze. Hii kliniki ya presha na sukari waliyotuwekea hapa kituoni kila Jumatano ni kliniki ya kitu gani? Nimeenda. Nimekaa kwenye benchi tangu alfajiri mpaka msikiti ukaadhini adhuhuri. Nikaingia. Ndani kuna binti mgeni, wanamwita Daktari Esther. Hakuinua hata macho.

"Mama, una muda gani na sukari?"

"Si una kadi yangu hapo mkononi?"

"Naomba unieleze tu, mama."

Nikamweleza. Mara iliyopita nilimweleza kijana mwingine, na kabla yake mwingine. Nimeisimulia sukari yangu mpaka kuisimulia kunanichosha kuliko sukari yenyewe. Akaandika: aendelee na dawa zilezile. Nikaenda dirishani. Dawa zilezile hazipo. "Kanunue nje, mama." Sasa hapo naendelea na nini, Winfrida? Na maandishi?

Jambo jingine dogo. Jirani yangu Rozalia, yule Mrundi anayeuza mawese, siku hizi naye ana sukari. Anauliza, mtu akimeza dawa leo, kesho akaruka, ili zimfikishe mbali, kuna ubaya? Nimemwambia nitamuulizia. Nijibu, maana ananisumbua.

Usilale bila kula.

Shangazi yako,
Melania


Rukinda, 9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako ilifika imelowa pembeni, Leonardi anasema ziwa lilikuwa baya kuanzia walipoondoka Kigoma. Mimi ni mzima. Muuguzi wangu Consolate naye mzima, amejifungua salama mtoto wa kike na amerudi kazini mapema kuliko alivyopaswa, kwa sababu anajua nikibaki peke yangu hapa nitaanguka.

Nianze na jirani yako. Mwambie Rozalia hapana. Asiruke. Dawa ya sukari si dawa ya kichwa kwamba unameza ukiumwa. Siku anayoruka, sukari hairuki. Inaendelea kula ndani kimyakimya, macho, figo, miguu, na yeye atajiona mzima mpaka siku itakapokuwa imechelewa. Avue viatu kila jioni atazame nyayo zake, na kama hawezi kuinama amwombe mtu amtazamie. Mwambie maneno haya kama nilivyoyaandika, usiyapunguze.

Kuhusu kliniki yenu, sina la kuitetea. Lakini nikueleze na ya kwangu. Mwezi uliopita waliita wafawidhi wote semina Kigoma mjini. Wakatueleza kwamba kila zahanati sasa itakuwa na siku yake ya wagonjwa wa presha na sukari. Kila mgonjwa aandikishwe, apewe tarehe, asipokuja atafutwe nyumbani. Apimwe presha, sukari, atazamwe miguu na macho, aonwe na mtu yuleyule anayemjua. Mpango ni mzuri, Shangazi. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikaa pale nikaandika kila neno, maana ndivyo ningependa wewe uhudumiwe.

Halafu nikarudi Rukinda. Nimerudi na mabango mawili na fulana. Mkanda wa kipimo changu cha presha unavuja hewa, nimeuzungushia plasta. Mashine ya sukari ninayo, vijikaratasi vyake viliisha kabla sijaletwa hapa. Chumba ninachotakiwa kuwaonea ndicho chumba cha chanjo, na mwanamke akija na uchungu wa kujifungua ndicho anachopumzikia.

Pamoja na hayo nimeanza. Nimechagua Alhamisi. Wa kwanza kumwandikisha ni Feliksi, fundi wa mitumbwi, mtu mkubwa mwenye kelele, presha yake iko juu mno na yeye anacheka. Nilimpa dawa nilizokuwa nazo nikamwambia, "Hizi hazikatizwi." Akasema, "Daktari, mimi nikiagizwa na mwanamke natii." Mke wake alikuwa amekaa hapo hapo.

Watakuja watu wa halmashauri kutupima kama tuko tayari. Nikimaliza hilo nitakuandikia.

Nakusalimu sana,
Winfrida


Ujiji, 16 Machi 2025

Winfrida,

Salamu nitakupa, lakini si kwa moyo wote. Ulikuja Kigoma semina ukaondoka bila kufika Ujiji? Kutoka mjini mpaka kwangu ni mbali kiasi gani? Hata bajaji ingekusubiri. Nimesoma mstari huo nikaurudia, nikasema labda sijaona vizuri.

Habari za huku si mbaya. Ukuta wa jiko umesimamishwa. Padri amehamishwa, aliyekuja ana sauti ndogo, walio nyuma kanisani tunaitikia kwa kubahatisha. Rozalia amepokea maneno yako, anashukuru, anasema atajitahidi.

Jumatano moja walituambia mashine ya sukari haina vijikaratasi, turudi Jumatano inayofuata. Tukarudi. Tukakuta mlango umefungwa, wahudumu wote wamepelekwa kwenye kampeni ya chanjo. Hakuna aliyetuambia. Kulikuwa na mzee ametoka Gungu kwa miguu. Tukarudi tena Jumatano ya tatu. Daktari Esther yupo peke yake, watu wamejaa mpaka nje kwenye jua. Ilipofika zamu yangu akaniambia, "Mama, hukuja tarehe uliyopangiwa."

Nikamwambia, "Nilikuja. Ninyi ndio hamkuja."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Basi andika kwamba nilikuja nikausalimu mlango."

Watu kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Akanipima presha, akasema iko juu. Nikamwambia iwe chini kwa lipi? Nikachukua kadi yangu nikaondoka.

Kule Katonga nimejikwaa kwenye kreti, mguu wa kushoto, kidogo tu. Nisingekuambia ila Leonardi aliniona nachechemea na mdomo wake unaujua. Si kitu. Hata hauumi.

Andika upesi kidogo.

Melania


Rukinda, 13 Aprili 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Semina iliisha jioni, boti iliondoka asubuhi, na Consolate alikuwa peke yake na kichanga. Hilo ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba ningefika kwako nisingetaka kurudi huku.

Barua yako imekaa kwa Leonardi muda mrefu, injini ya boti iliharibika na spea ikawa inasubiriwa. Nimeipata jana. Kwa hiyo jibu hili unalipata likiwa limechelewa, na ninaandika kwa haraka ili boti isiondoke tena bila barua. Sikiliza. Umesema mguu hauumi. Kwa mtu wa sukari, kidonda kisichouma ndicho kinachonitisha. Kiko wapi, kidoleni au unyayoni? Kina maji? Kina harufu? Ngozi imebadilika rangi? Nijibu moja moja. Usiniambie si kitu, mimi si jirani.

Watu wa halmashauri walikuja. Bwana mmoja anaitwa Castory, mpole, amevaa viatu vizuri ambavyo matope ya gati yetu yaliviharibu kabla hajafika mlangoni. Alikuwa na maswali yake. Kipimo cha presha kipo? Nikamwonyesha plasta. Mashine ya sukari ipo? Ipo. Inapima? Haipimi. Akaandika "ipo." Mhudumu aliyepata mafunzo yupo? Nikasema ni mimi, na mimi ndiye ninayezalisha, ninayechanja, ninayefunga vidonda na ninayefagia Consolate akiwa mgonjwa. Akaandika "yupo."

Mwisho akaniuliza, "Sasa kwa jumla, mko tayari?"

"Wewe unaonaje?"

"Mganga, nikwambie kama ndugu. Vituo vilivyo tayari vitapata shehena ya kwanza ya dawa. Visivyo tayari vitasubiri awamu nyingine."

"Awamu nyingine ni lini?"

"Haijapangwa."

"Na nikisema tuko tayari, dawa zikija mara moja zikaisha?"

"Utakuwa umeshaandikwa kituo kilicho tayari. Utaagiza kama wengine."

"Wengine wanaagiza, zinakuja?"

Akafunga peni yake.

Nilichojibu nitakueleza siku tukionana. Dawa nilizokuwa nazo zimeisha. Feliksi alikuja Alhamisi, nikamwambia arudi wiki ijayo.

Nijibu kuhusu mguu.

Winfrida


Ujiji, 11 Mei 2025

Mwanangu Winfrida,

Shangazi yako anakusalimu sana. Anasema anaendelea vizuri, mvua zimepungua, dagaa sasa wanakauka vizuri na biashara imeamka. Anasema mguu umeshapona, usiwe na wasiwasi, na kliniki anahudhuria kila Jumatano bila kukosa. Anasema mkono wake umechoka ndiyo maana barua hii imeandikwa na mtu mwingine. Anasema ukipata nafasi umletee samaki, kuhe wa kukausha, wa huko ni wanene. Anasema Mungu akulinde.

Hapo ndipo alipomalizia yeye.

Dada, mimi naandika hii ni Rozalia, jirani. Nimemwambia nimeshafunga bahasha. Unisamehe Kiswahili changu. Barua yako ya kwanza alisoma mwenyewe. Ya pili aliniita mimi nimsomee, alisema miwani imepotea, lakini hajawahi kuwa na miwani. Juzi alinipa zote nimsomee tena toka mwanzo. Nikafika kwenye maneno "mwambie Rozalia asiruke dawa." Nikamuuliza, Mama Melania, hizi dawa za Rozalia ni Rozalia gani? Akazichukua barua, akazikunja.

Dada, mimi sina sukari. Sijawahi kukuuliza kitu. Sinywi dawa yoyote.

Kliniki haendi. Hajaenda tangu aligombana na daktari. Mguu amefunga kwa kitambaa na haruhusu mtu kuona. Jana nilikaa karibu yake, nikasikia harufu.

Njoo.

Rozalia


Rukinda, 18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Najua Rozalia anakusomea, na ninamwomba asome kila neno kama lilivyo, hata akiona haya.

Uliniuliza swali la mgonjwa kwa jina la mtu mwingine, nami nikamjibu mtu huyo. Nilimwonya Rozalia asipofuke, na anayepofuka alikuwa ndiye anayesoma. Kwa nini, Shangazi? Uliniosha nikiwa na surua, ulinibeba mgongoni mpaka hospitali. Mimi ndiye wa kuonewa aibu?

Nimekasirika sana, na si kwako peke yako. Nikueleze nilichokuficha mimi, maana na mimi nilikuwa nakuandikia habari nusunusu.

Bwana Castory aliponiuliza kama tuko tayari nilijibu hapana. Niliona nisipoeleza ukweli hakuna atakayeujua. Nilijisikia vizuri siku ile, nikatembea mpaka ziwani nikanawa uso. Dawa zikaenda vituo vingine. Boti ilipita mbele yetu na maboksi, Leonardi mwenyewe alinionyesha, yakaenda kwa mwenzangu aliyesema ndiyo na ambaye hana hata kipimo chenye plasta.

Feliksi alirudi Alhamisi niliyomwambia. Sikuwa na kitu. Alhamisi iliyofuata pia akaja, sikuwa na kitu. Akasema, "Daktari, basi nikiwa na nafasi nitapita." Baada ya Pasaka alikuwa anaziba mtumbwi, nyundo ikamtoka mkononi. Akainama kuiokota akaanguka. Kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na ule mdomo wake wa kelele sasa unatoa neno moja kwa shida. Mke wake alinijia hapa zahanati, hakupiga kelele. Alisema, "Ulituambia hazikatizwi. Aliyezikatiza ni nani?"

Nikaenda kumtazama mama aliyekuwa na uchungu.

Sasa kuhusu wewe, silali tena nikisubiri barua. Ruhusa nimeomba nimenyimwa, wanasema kituo hakiwezi kubaki bila mfawidhi. Nakuja hivyo hivyo. Consolate atabaki. Leonardi anakuletea barua hii, na akirudi huku akageuza boti, nakuja naye. Usiondoke nyumbani. Usikifungue hicho kitambaa mwenyewe.

Winfrida


Ujiji, 3 Agosti 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Anayeandika ni Rozalia, na safari hii nimemwambia aninyooshee barua mbele ya macho yangu akimaliza, niuone hata ukungu wa mistari, asije akaongeza ya kwake. Amecheka. Tumepatana, usifikiri vibaya. Anakuja kunifunga kidonda kila asubuhi kabla ya kwenda na mawese yake.

Naanza na nilichoshindwa kukuambia ukiwa hapa. Ulikuja ukanivua kiatu, nikakutukana. Hospitali walipokata vidole viwili nikakutukana tena, kwa sababu ulikuwepo wewe na hao madaktari walikuwa hawajui Kiha. Ulinielewa, hukujibu. Umerudi kazini kwako kujieleza kwa nini uliondoka, na mimi sikukuaga. Nilijifanya nimelala.

Umeniuliza kwa nini nilikuficha. Mwanangu, ukiwa mgonjwa kila mtu anakuuliza maswali. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani anayeniandikia "Shikamoo, Shangazi" na kuniomba baraka. Nilijua nikikwambia, barua zako nazo zitakuwa kliniki. Na kweli zikawa.

Sasa jambo la Daktari Esther. Siku ile uliponipeleka kuchukua rufaa pale kituoni ulimgombeza mbele ya watu. Ulisema, "Huyu mama amekuja hapa mara ngapi? Nani aliwahi kumvua kiatu?" Nilifurahi, nakwambia ukweli. Nilisema moyoni, leo amepata wa kumweza. Wewe ulikuwa umekwenda dirishani hukumwona. Aliweka peni mezani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tulipangwa wanne. Nimebaki mimi. Nikimvua kila mtu viatu, nusu ya benchi itarudi nyumbani bila kuonwa." Halafu akainama akanivua, akakitazama kidonda. Akasema, "Pole, mama." Nikauvuta mguu wangu.

Jumatano hii nimerudi kwa magongo. Kuna mwanamke mmoja alikuwa akimtukana mlangoni, maneno yaleyale niliyomwambia mimi, pengine mabaya kuliko yangu. Nikawaza mke wa huyo Feliksi wako alivyokuja kusimama mbele yako. Nikawaza kuna shangazi wa Esther mahali fulani, anaandikiwa kwamba huku mambo si mabaya.

Sijamsamehe yeyote, usikosee. Vidole vyangu havitaota. Dirisha bado linasema kanunue nje. Lakini nilimwambia yule mwanamke, "Mwache binti, twende kwa diwani, yeye ndiye tuliyempigia kura." Tumekwenda watu wa benchi zima, wengine kwa magongo, mmoja kwa baiskeli ya kusukumwa. Diwani alitutolea soda. Nilimwambia watu wa sukari hatunywi soda. Akazirudisha chupa mwenyewe. Ameahidi. Unajua ahadi zao. Tutarudi kwake tena, tumeshapanga.

Unaendeleaje na hao wakubwa wako?

Melania


Rukinda, 28 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, nakubusu mikono. Nimepewa onyo la maandishi na sijafukuzwa, wakinifukuza hawana wa kumleta. Consolate anasalimu, binti yake ameota jino. Mama Rozalia naye nampa shikamoo kwa sauti, asome kwa sauti.

Bwana Castory amerudi. Alikuja Alhamisi bila kujua ni siku ya kliniki, Leonardi akamshusha akaendelea kusini, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda mpaka jioni. Akaanza maswali yake: kipimo kipo, mashine ipo. Nikamwambia, "Leo sijibu. Kaa hapa pembeni yangu."

Akakaa. Watu wakaja. Alimwona mama wa ng'ambo ya mto aliyetembea tangu kulipokucha, nikampima, presha iko juu, nikamweleza apunguze chumvi, akaniuliza dawa, nikamwambia sina, akashukuru akaondoka. Huko kushukuru ndiko kunakoniua, Shangazi. Akamwona mwingine, na mwingine. Kisha akaingia mke wa Feliksi, anamwongoza mume wake kwa mkono, mguu wa Feliksi unaburuta chini. Nikampima. Nikamgeukia Bwana Castory nikamwambia, "Huyu mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba dawa yake hakuna, na haijapangwa lini."

Akanitazama kama nimemtania. Mke wa Feliksi akamtazama yeye, akaketi, akaweka mikono kwenye mapaja, akisubiri. Bwana Castory akafungua mdomo. Akasema, "Mama, mimi ni mtu wa tathmini tu." Akaishia hapo. Mke wa Feliksi akasema, "Sawa, baba. Lakini dawa?" Feliksi naye akatoa lile neno lake moja, na neno lenyewe ni "lini." Hatukujua kama anauliza au ndilo tu analoweza.

Bwana Castory akatoka nje. Nilidhani amekwenda kukaa gatini kusubiri boti. Baadaye nikamkuta nyuma ya zahanati anatazama ziwa. Akaniambia, "Nitaandika hamko tayari. Na chini yake nitaandika mletewe dawa kabla ya kuwa tayari. Watanigombeza, utaratibu hauruhusu."

Nikamwambia, "Wakigombeza utakuwa sawa na sisi."

Boksi limekuja wiki iliyopita, dogo, na mkanda mpya wa kipimo. Nimepiga hesabu, hazitoshi watu wote nilionao. Nimeanza na waliowahi kuanguka na walio karibu kuanguka, wengine nimewaambia wasubiri, na kila Alhamisi wananitazama na mimi nawatazama. Vijikaratasi vya sukari havikuwemo. Sijui boksi la pili litakuja lini. Sijafurahi, Shangazi. Watu wananiambia nishukuru, na mimi kila nikilifungua lile boksi nauona mkono wa Feliksi, ulioning'inia wakati dawa hizi zinapita mbele yetu kwenye boti.

Ila nimeacha kuandika kwamba mambo si mabaya. Naandikia wakubwa kila mwezi yaliyokosekana na waliorudi bila kitu. Hawajajibu. Naandika tu.

Macho yako yakoje? Samahani. Nimeanza tena kuuliza.

Winfrida


Ujiji, 16 Novemba 2025

Winfrida mwanangu,

Leo naandika mwenyewe kwa kalamu nene Rozalia aliyoninunulia, ile ya kuandikia maboksi. Mstari ukipanda juu ya mwenzake vumilia.

Uliza. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Shikamoo uniandikie, na mguu uniulize, vyote viwili kwenye karatasi moja. Nitakujibu kama ninavyotaka watu wako wakujibu wewe.

Kidonda kimefunga. Jicho la kulia linaona mwanga na watu, si nyuso. La kushoto linasoma herufi kubwa kama hizi. Daktari wa macho alikuja Kigoma, amesema lililobaki linaweza kulindwa nikishika sukari, lililokwenda limekwenda. Nililia nikiwa nyumbani, si mbele yake. Diwani tumemfuata mara nyingine, amepata muuguzi mmoja wa kumsaidia Esther, na dirisha sasa lina dawa ya presha. Ya sukari bado.

Wiki hii dawa nimemeza siku zote, isipokuwa Jumanne. Jumanne zilikuwa zimeisha, na mvua ilinyesha sikutaka kwenda dukani kwa magongo. Rozalia angekwenda kama ningemwambia. Sikumwambia. Niliruka.

Nimekwambia mwenyewe. Sasa nigombeze.

Shangazi yako,
Melania